Sanduku Lililoniita Mgeni

Nyumba ya familia Ariza,
Chumba cha nyuma,
Vélez.
Jumanne.

Kwa Mhandisi Edilson Ariza,
Msimamizi Mkuu wa Sanduku la Mafaili,
Chumba cha mbele, nyumba hiyohiyo.

Mheshimiwa Msimamizi, mpwa wangu mpendwa,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KUGEUZWA MGENI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, kama nilivyokuacha mezani muda mfupi uliopita ukizamisha jibini kwenye chokoleti ya moto. Mimi pia sijambo, ukiacha magoti na haya nitakayoyaeleza. Najua kwamba tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwamba ningeweza kupaza sauti ukanisikia. Lakini mambo mazito huandikwa. Isitoshe, nilipopaza sauti juma lililopita ulivaa vile vidude vyako vya masikioni.

Kwanza nikupongeze kwa sanduku. Ni jeusi, dogo kuliko boksi la halua yetu ya mapera, na taa zake za kijani zinawaka usiku na mchana pale sebuleni chini ya picha ya Mtoto Yesu. Mteja mmoja aliyekuja kununua halua alidhani ni kitu cha ibada, akapiga ishara ya msalaba mbele yake. Siku ulipolileta ulitukusanya wote ukasema: "Sasa picha zote, video zote, karatasi zote za karakana ya halua ziko humu. Kila mtu anafungua kwenye simu yake, kitandani kwake. Hakuna tena kusumbuana." Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga pia, kwa sababu nilikuwa sijalielewa lile neno la mwisho.

Kabla ya sanduku, utakumbuka, kulikuwa na bati la biskuti chini ya kitanda changu. Picha za ukoo zilikaa humo, na msimamizi wake nilikuwa mimi. Ruhusa zake hazikuhitaji mhandisi: anayetaka kuona anagonga mlango, ananawa mikono, anakaa kitandani na kusikiliza. Hakuna picha iliyotoka kwenye bati bila maelezo yake. Wewe mwenyewe, ulipokuwa huna meno ya mbele, ulikuwa ukililia ile ya mbuzi. Kisha ukalichukua bati, ukazipitisha picha zote kwenye mashine, ukawagawia ndugu zile picha za karatasi, ukanirudishia bati langu likiwa safi kabisa. Sasa naweka vifungo. Hakuna mtu anayegonga mlango kuja kuangalia vifungo.

Baada ya utangulizi huo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Kuhusu jina.

Nikifungua kishikwambi ulichonipa, sanduku linaniandikia: "Karibu, Mgeni." Mgeni, Edilson! Nilizaliwa katika nyumba hii, tena katika chumba hichohicho ambamo sanduku limekaa, kabla hakijawa sebule. Kama ni suala la nani amkaribishe nani, mimi ndiye niliyepaswa kulikaribisha sanduku. Kila mtu hapa nyumbani ana jina lake humo ndani. Hata yule mtoto wa jirani aliyekuja kuangalia katuni ana jina. Mimi peke yangu ndiye Mgeni, na ulipoulizwa ulijibu, "Shangazi, ni jina la akaunti tu, lisikusumbue." Basi badilisha lako tuone kama halisumbui.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ni mgeni tangu Kwaresima, na jembe sijaliona.

2. Kuhusu kusoma bila kuandika.

Umenipa ruhusa ya kusoma tu. Naweza kuangalia kila kitu na siwezi kugusa chochote, kama mtoto aliyepelekwa dukani na mikono imefungwa mgongoni. Ningevumilia, kama yaliyoandikwa yangekuwa yameandikwa vizuri. Lakini aliyepewa ruhusa kamili ya kuandika ni Heliodoro, mjomba wako, binamu yangu, mtu hodari kabisa wa kukoroga mapera kwenye sufuria la shaba, ambaye folda ya harusi ameiita "Alusi".

Ile picha uliyokuwa ukiililia umeitazama karibuni? Ndani yake nimo mimi, siku ya komunyo yangu ya kwanza, na gauni jeupe ambalo mama yangu alilitarizi mpaka macho yakamwuma. Pembeni yangu yupo mbuzi. Heliodoro ameandika chini yake: "Mbuzi wa babu." Basi. Hakuna jina lingine. Nilipobonyeza ili nisahihishe, sanduku likaniambia, "Huna ruhusa." Halikusema hata samahani.

3. Kuhusu kosa ninaloadhibiwa kwalo.

Inasemekana kwamba nilishushwa cheo kwa sababu, enzi zile kila mtu alipokuwa na ruhusa zote, nilizihamisha picha za harusi ya dada yako Yolima kutoka folda ya Harusi kwenda folda ya Misiba. Sikanushi kuhamisha. Nakanusha kwamba ni kosa.

Naomba Mheshimiwa upime mwenyewe. Bwana harusi yule aliondoka na pikipiki ya baba mkwe kabla maua ya kanisani hayajanyauka, na hajarudi, wala pikipiki haijarudi. Mwenye kupanga mafaili kwa uangalifu atayaweka wapi mambo hayo? Wewe hupanga kwa tarehe. Mimi hupanga kwa matokeo. Na kuhusu madai kwamba nilimfuta bwana harusi, si kweli. Nilimtia kwenye pipa la taka la kompyuta, ambako aliyemkumbuka alikuwa huru kwenda kumtembelea.

Picha ziko kwenye Misiba mpaka leo, kwa kuwa mimi sina tena ruhusa ya kuzirudisha na wewe huna nafasi. Kilichobaki ni kwamba Yolima aliniambia mbele ya watu, "Shangazi, kuaibika mbele ya mji mzima hakujatosha, ukaniaibisha na kwenye kompyuta?" Tangu siku hiyo hanisemeshi. Anapita mlangoni kwangu kama mtu anayepita ofisi ya kodi. Hilo linaniuma kuliko magoti, na sikulitazamia.

4. Kuhusu umiliki, na kuhusu urithi.

Nimegundua kwamba ukiligusa faili kwa muda mrefu kidogo, sanduku linakutajia mmiliki wake. Nikaligusa lile la komunyo. Mmiliki: Edilson. Nikaligusa la mazishi ya baba yangu. Mmiliki: Edilson. Nikaligusa la mama yangu akiwa na mimba yangu mimi. Mmiliki, Mheshimiwa, ni wewe, uliyekuwa bado hujafikiriwa hata na waliokuja kukufikiria. Ulinieleza kwamba anayeliingiza faili kwenye sanduku ndiye anayekuwa mwenyewe. Kwa hesabu hiyo mkunga aliyenitoa ana haki ya kunidai.

Ukaniambia pia kwamba folda ya ndani huzirithi ruhusa za folda ya nje. Hapo nilifurahi sana, nikasema sasa tumeelewana, maana mambo ya urithi nayafahamu. Katika ukoo huu aliyekuja nyuma humrithi aliyetangulia, tena akishazikwa. Mimi nimetangulia, sijazikwa, na tayari nimerithiwa. Naomba ufafanuzi.

5. Kuhusu makundi ya ukoo.

Ulituandikisha kwa vitambulisho vyetu, na kitambulisho, kama ada yetu ilivyo, hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Sanduku likamweka kila mtu katika makundi yake mawili. Hapa kwetu kazi hiyo ni nyepesi. Ukirusha jiwe mjini utampata Ariza, na likidunda litampata Olarte. Mama yangu alikuwa Olarte. Kaka zangu wawili walioa dada wawili wa Olarte, na Heliodoro ni kaka yao; nao mama yao alikuwa Ariza. Kwa hiyo kila mtu ndani ya nyumba hii ni Ariza na ni Olarte, ila mimi, ambaye kwa sanduku si huyu wala si yule. Nimekuwa mtoto wa kuokotwa nikiwa na mvi.

Na hayo makundi yenyewe unayatumiaje? Jumapili tulikuwa mezani, sanduku limejaa, na ikajulikana kwamba limejazwa na video za majogoo wa Heliodoro. Majogoo wakiwika, majogoo wakitembea, jogoo mmoja amelala. Ukasema, "Mjomba, wateja wa halua nitawaweka wapi sasa? Mgongoni kwa jogoo?"

Naye akakujibu, "Majogoo wangu wana adabu kuliko wateja wako. Wanaamka mapema, tena hawabishani bei."

"Basi nitawafungia Olarte wote. Wote! Tuone hao majogoo wenu mtawaweka wapi."

Heliodoro hakuacha hata kutafuna. "Wafungie, kijana. Ila anza na mama yako."

Wifi yangu Leonor akauweka upawa mezani taratibu. "Edilson, hebu rudia nisikie vizuri."

"Mama, ni jambo la kiufundi tu."

"Kiufundi? Kwani mimi nilikuzaa kiufundi?"

Nilikuonea huruma, mwanangu, maana masikio yako yalikuwa mekundu kama halua. Lakini hukunyamaza. Ulitufundisha hata kanuni: mtu akiwa katika makundi mawili, moja likamruhusu na la pili likamkataza, katazo ndilo linaloshinda. Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Baba yangu alikuwa akituruhusu kwenda dansini na mama akikataza, na katika ujana wetu wote hakuna aliyecheza. Ninacholalamikia si kanuni. Nalalamika kwamba ukoo mzima ulikuwa unagombana kwa majina yake, na mimi sikuwa na jina la kugombania.

Hatua nilizokwisha chukua.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa kubishana na mitambo. Kama sanduku limeamua kwamba mimi ni mgeni, basi mimi ni mgeni, na kuanzia jana naishi kama mgeni. Mgeni hamenyi mihogo. Mgeni hanywi kahawa kwenye kikombe kilichokatika mkono. Nimejichukulia kile chenye ukingo wa dhahabu mnachomtunzia Askofu. Bakuli la sisimizi wa kukaanga likizunguka mezani lianzie kwangu. Paja la kuku wa Jumapili ni langu, na hapa sitaki ufafanuzi. Mgeni akiondoka husindikizwa. Kwa kuwa sina pa kwenda, nitakuwa nikiondoka kila jioni mpaka kwenye kona ya kanisa na kurudi, na msindikizaji nimekuteua wewe.

Zaidi ya hayo, mgeni hawezi kujua halua imeiva lini. Jana Heliodoro aliniita karibu na sufuria, mwiko mkononi, jasho linamtoka. "Anatilde, tazama inavyodondoka. Imeiva au bado?" Nikamjibu kwa heshima zote kwamba nina ruhusa ya kuangalia tu. Nikaangalia. Akaangalia. Tukaendelea kuangalia. Halua ile haikufungwa kwenye majani wala haikwenda sokoni; hivi sasa ndiyo inayozuia mlango wa ghala usipigwe na upepo, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Jina la Mgeni lifutwe. Niandikishwe kwa jina langu kamili, Anatilde Ariza Olarte, na niwekwe katika makundi yote mawili kama binadamu wengine wa nyumba hii. Nipewe ruhusa ya kuandika, ili mbuzi asiendelee kuwa peke yake kwenye picha yangu. Nipewe na ruhusa ya kufuta, japo siku za Ijumaa. Ukikataa, nitalazimika kutumia utaratibu wako jikoni, ambako msimamizi bado ni mimi. Supu ya mahindi na utumbo unayoipenda nitakufungulia folda yake, na utapewa ruhusa ya kunusa.

Nakala ya barua hii ningeipeleka kwa Padre, ila nimeambiwa naye kanunua sanduku.

Nisalimie mama yako Leonor, na umwambie upawa anaoutafuta tangu Jumapili uko nyuma ya pipa la unga. Nisalimie watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Heliodoro mpe salamu za kusoma tu. Majogoo wasalimie kwa majina yao, maana nasikia wao wanayo. Na Yolima, akikubali kupokea salamu zangu, mpe zote zitakazobaki.

Kwa heshima na utii wa aliyekubeba mgongoni ukiwa na surua,

Anatilde Ariza Olarte
(kwa jina la sanduku: Mgeni)

NYONGEZA. Jumatano, baada ya chakula cha mchana.

Naomba barua hii yote hapo juu uisome kinyume.

Asubuhi, kabla sijaisukuma chini ya mlango wako, ulitimiza ulichoapa mezani, ukawakataza Olarte. Wewe hujiandika Edilson Ariza tu, kana kwamba baba yako alikuzaa peke yake. Lakini sanduku ulililisha kitambulisho chako, na kitambulisho kina jina la mama. Likamkumbuka Leonor kuliko ulivyomkumbuka wewe. Likakufungia nje. Likamfungia Leonor mwenyewe, likamfungia Heliodoro na majogoo wake, na watoto, na Yolima. Nilikusikia kupitia ukutani: "Haiwezekani! Mimi ndiye msimamizi! Haiwezekani!" Heliodoro alikucheka mpaka akashika tumbo, kisha akajaribu simu yake, nayo ikamwambia, "Huna ruhusa."

Mtu mmoja tu ndani ya nyumba hakufungiwa, kwa sababu hakuwa na jina la kukataziwa. Ungenikubalia niliyoyaomba jana, leo hii ningekuwa nje pamoja nanyi.

Wa kwanza kuja alikuwa Yolima. Aligonga. Anataka kushonewa blauzi kama ile ya bibi yenu, aivae kwenye gwaride la sikukuu, na fundi anahitaji kuona ilivyotariziwa, na picha ni ile moja tu. Alisimama mlangoni, akasema akiangalia sakafu, "Shangazi, nasikia kwako kunafunguka." Nikamwambia anawe mikono. Akanawa, akakaa kitandani, upande uleule aliokuwa akikaa.

Tulipitia folda moja baada ya nyingine, maana nilijifanya sikumbuki blauzi iko wapi. Tukafika kwa mbuzi. Akauliza, "Huyu msichana aliyenuna ni nani? Mbona kama mimi?" Nikamwambia ni mimi, na kwamba nimenuna kwa sababu mbuzi alikuwa amekwisha kula shada langu la maua, na kama angetazama vizuri angeona petali moja mdomoni mwake. Akatazama. Ipo. Akacheka, Edilson, kicheko chake kile cha zamani. Tulipofika kwenye Misiba nikataka kuiruka haraka, akanishika mkono. "Acha, Shangazi," akasema. "Umeiweka panapostahili." Ndipo akalia kidogo, na mimi nikalia, na blauzi tukaja kuipata baadaye sana.

Baada yake alikuja Leonor na kigoda chake. Wakaja watoto. Akaja Heliodoro na bakuli la sisimizi, anaomba kumwona jogoo mmoja tu, yule aliyelala. Chumba hiki hakijajaa hivi tangu siku za bati. Kila picha imetoka na maelezo yake, na hakuna aliyeondoka kabla sijamaliza. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sijui nani kati yetu alikuwa mgonjwa.

Sasa hivi nimekusikia nje ya mlango ukimwambia mama yako kwamba ni jambo la kubonyeza mara mbili tu, na utarekebisha kila kitu leo hii. Usiharakishe, mwanangu. Malalamiko yangu yote naomba yafutwe. Mimi sina ruhusa ya kufuta, lakini wewe unayo. Usiniandikishe popote. Jembe bakini nalo. Halua nitakuja kuiangalia kesho, na nitasema imeiva ikiwa imeiva.

Kiti cha karibu na dirisha hakijakaliwa na mtu. Gonga kwanza, halafu ukanawe mikono.

Mgeni.